Pipa la Aristea

Ko. Du.

Kila Jumapili baada ya ibada, kabla hata hajavua koti lake la kanisani, Manusos Kalderakis alishuka ghalani chini ya nyumba na kuligonga pipa kwa kifundo cha kidole, akianzia juu. Palipo patupu pipa hujibu "ko", palipo na divai hujibu "du". Dirisha la ghala linatazama njia, na sisi tuliokuwa tunatoka kanisani tulipunguza mwendo hapo, kwa uchaji mkubwa kuliko ule tuliotoka nao ndani. Ko moja, halafu du. Limejaa. Tukameza mate, tukaenda zetu kula.

Pipa halikuwa la Manusos. Lilikuwa la binti yake Aristea, kama vile jina lilivyokuwa lake, na kwa sababu hiyohiyo: alipewa vyote viwili akiwa hajui kusema hapana.

Alizaliwa wakati wa mavuno, mwaka ambao vilima vyote kusini mwa mji wa Iraklio vililemewa na zabibu. Shamba la Manusos lilikuwa limepandwa na babu yake kwa mpango wa watu wa kwetu Kalivopetra: mistari minne ya Kotsifali, mmoja wa Mandilari, minne, mmoja, hadi ukingoni. Kotsifali ni zabibu ya maneno matamu. Ina harufu nzuri na nguvu ya kumwangusha mwanamume, lakini rangi haina. Divai yake ikiachwa peke yake inapauka kama shati la shule. Mandilari ni nyeusi kama wino, na inakaza mdomo mpaka mtu anasahau alichotaka kusema. Ukinywa moja tu, umekaa na mpiga porojo. Ukinywa nyingine tu, umekaa na mgomvi. Zikikanyagwa pamoja zinafunzana adabu, na hiyo ndiyo divai yetu.

Siku ya ubatizo Manusos alikuwa amekunywa glasi nyingi za raki, pombe yetu kali ya zabibu, kwa ajili ya mtoto, na nyingine kwa ajili ya mama wa mtoto, Polixeni. Akasimama mbele ya padri, mbele ya picha takatifu na mbele ya Haridimos, baba wa ubatizo, akaapa. Pipa kubwa la mavuno ya mwaka ule ni la Aristea. Halitatoka tone, halitaingia tone, mpaka siku Aristea atakapoolewa.

Sehemu ya "halitatoka" kila mtu aliielewa. Ile ya "halitaingia" ndiyo iliyowafanya wazee watazamane. Hata mtoto wa Kalivopetra anajua kwamba pipa linapumua: kila mwaka divai inashuka kidogo, na usipoongeza, hewa inakaa juu yake na kuigeuza siki. Lakini nani amkosoe mtu aliyeapa vizuri namna ile? Haridimos, kwa kuwa alikuwa baba wa ubatizo, alilia machozi. Manusos akapanda juu ya kigoda, akaziba tundu la juu kwa lipu nyeupe, akachora msalaba kwa kidole, akashuka. Hakupanda tena. Alikuwa mtu mfupi na hakupenda kuonekana juu ya kigoda.

Ndipo ukaja muujiza. Mwaka wa kwanza: ko, du. Mwaka wa tano: ko, du, palepale, chini kidogo ya pete ya juu. Mwaka wa kumi, vivyo hivyo. Mapipa yetu sisi wakosefu yalishuka na tukayajaza kila baada ya wiki chache. Pipa la Manusos halikushuka hata upana wa ukucha. Alituambia habari hiyo kwenye mkahawa, kwenye mazishi, na kwenye foleni ya mashine ya zeituni.

"Mnajua kwa nini langu halipungui?" alikuwa akiuliza.

"Tunajua, Manusos."

"Kwa sababu mimi nikisema neno, nimesema."

"Ulishasema hilo pia."

Aristea alikua kando ya pipa hilo. Kila sikukuu ya mtakatifu wa jina lake alisimamishwa karibu nalo aone kama ameipita pete ya pili, kisha ya tatu. Shuleni walimwita Pipa, kwa mapenzi, kama watoto wanavyopenda. Kuligusa alikatazwa. Kulionja ndiyo kabisa, maana bibi harusi anayeonja kabla ni mkosi. Alipokuwa msichana mkubwa, wanaume wa kijiji walimtazama akipita na kumeza mate, na yeye hakuwa mjinga. Alijua hayakuwa kwa ajili ya uso wake. Karamuni, zeze letu la lira likishaanza kulia, palikuwa na mtu wa kuimba beti ile na sote kuitikia:

Aristea we olewa, hata na mwenye kibyongo,
pipa limekwishalewa, sisi twameza udongo.

Yeye alicheka pamoja nasi. Alikuwa na meno mazuri na alicheka vizuri, na hatukuona sababu ya kuchunguza zaidi.

Kazi yake ilikuwa trekta. Kaka yake Sifi ndiye aliyepaswa kulirithi, ila Sifi alilitia mtaroni mara ya kwanza tu, akagundua kwamba Mungu amemwita kwenye ujenzi. Aristea akapanda. Trekta lile jembamba alilipitisha kati ya mistari bila kung'oa jani, akapulizia salfa mashamba ya nusu ya kijiji, akalima ya wajane bila kuwaambia bei. Mikono yake ilinuka salfa mwaka mzima. Ungemsikia asubuhi kwenye mteremko wa kaskazini, injini ikikohoa na yeye akiisemesha kama mtu anayembembeleza punda mzee. Hayo ndiyo maisha yake, na kwa macho yetu yalikuwa chumba cha kusubiria.

Maana wachumba walikuja. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye kituo cha mafuta. Alikaa sebuleni, akala kitindamlo cha Polixeni, akauliza habari za pipa, ujazo wake na mbao zake, na alipokuwa akiaga akakumbuka kuuliza kama Aristea naye hajambo. Sisi tulimwona anafaa. Lakini Haridimos aligundua kwamba kijana anapepesa macho kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo anaficha jambo. Wakamwacha.

Wa pili alikuwa Iasonas.

Huyu alikuwa dereva wa lori lililobeba zabibu zetu kwenda kwenye kiwanda cha ushirika. Alikuwa mrefu, mwenye haya, na msimu mzima alikuwa akipata hitilafu ya gia kila alipofika mbele ya shamba la Manusos. Aristea akishuka kwenye trekta, wawili hao wanalala chini ya lori, miguu minne imetokeza nje, na wanazungumza juu ya gia. Sijapata kuona watu wakizungumza juu ya gia kwa sauti ya chini namna ile. Na Iasonas hakuuliza habari za pipa hata mara moja. Kijiji kizima kilishangaa. Wengine walidhani ana ugonjwa wa tumbo.

Manusos aliridhia. Harusi ikapangwa, ilikuwa iwe kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata, nasi tukaanza kuosha glasi.

Kisha mambo yakaanza kujulikana. Haridimos alikwenda kijijini kwao Iasonas kwa shughuli zake, akarudi na habari kwamba babu yake alikufa akiwa kichaa, amefungwa kamba. Polixeni akaota kuku mweusi ametaga juu ya taji la harusi. Sifi naye, kwa uchungu wa kaka, akaapa kwamba amemwona Iasonas huko Iraklio akimshika mkono mwanamke aliyevaa viatu vyekundu. Watu hawa watatu hawakuwa wakikubaliana hata juu ya hali ya hewa. Manusos alisema kwamba wakikubaliana juu ya mtu, basi mtu huyo ana kasoro.

"Baba, mimi namjua," Aristea alisema.

"Unaijua gia yake, binti yangu. Babu yake unamjua?"

Iasonas alikuja siku moja tu kujitetea. Alisimama uani, kofia mkononi, na kwa kuwa alikuwa mwenye haya hakuweza kumaliza hata sentensi moja dhidi ya kuku. Baadaye tulisikia amepata kazi Thesaloniki, na baadaye zaidi kwamba ameoa huko. Siku ya habari hiyo Aristea alilima shamba la juu, ambalo lilikuwa limekwisha kulimwa.

Miaka ikapita na pipa likabaki limejaa. Alipovuka arobaini alikuja wa tatu, Thrasivulos, mjane anayeuza kreti za plastiki, na yeye alisema waziwazi kwamba angependa kuonja kwanza, ili wasije wakauziana siki.

"Basi aoe pipa," Aristea alisema, akatoka kwenda kutia mafuta trekta.

Hapo tulikata tamaa. Beti ile tuliendelea kuiimba, ila bila moyo.

Mwaka jana, kabla ya majira ya baridi, moyo wa Manusos ulianza kusitasita. Daktari wa Iraklio alimkataza chumvi, raki na ngazi. Chumvi na raki alizivumilia kwa njia zake mwenyewe, lakini ngazi za ghala zilimshinda kweli, ikabidi Jumapili amtume Sifi kugonga kwa niaba yake. Masikio ya Manusos yalikuwa yamekwisha kwa habari ya sauti za watu, ila ule mlio aliusikia kutoka kitandani, kupitia sakafu. Ko. Du. Akatabasamu. Kisha akamwita Aristea.

"Binti yangu, mimi naondoka."

"Unakwenda wapi? Hata viatu huna."

"Nataka kuionja kabla sijaenda. Glasi moja. Usiku nalala nikiiwaza."

"Nitakuletea sasa hivi, Baba."

"Na kiapo?" Manusos alinyanyuka juu ya mto. "Nife nimeonja na kuvunja neno? Huko juu nitamtazamaje mtu?" Akapapasa shuka. "Wewe huwezi kuolewa hata kidogo?"

"Kidogo ni vipi?"

"Thrasivulos bado mjane."

"Thrasivulos anavaa meno ya marehemu kaka yake, Baba."

"Mtu mwenye kubana matumizi," alisema mzee, lakini bila nguvu, na akageukia ukuta. Aristea aliona mabega yake yanatikisika. Tangu azaliwe hakuwa amemwona baba yake akilia akiwa hajalewa.

Kesho yake asubuhi alisimamisha trekta mbele ya nyumba ya padri. Padri wetu ni mtu wa sheria. Swali la kama konokono wanaruhusiwa siku za mfungo alilifikiria kwa Kwaresima nzima. Hili la pipa alilimaliza kabla kahawa haijapoa.

"Kiapo kilisema siku utakapoolewa. Mtawa naye ni bibi harusi wa Kristo. Uko tayari kuwa mtawa?"

"Kwenye nyumba ya watawa wana trekta?"

"Hawana." Padri akanywa kahawa. "Basi tazama hivi. Baba yako alikuapia wewe. Deni la neno analo kwako, si kwa mwingine. Wewe ukimwachilia, ameachiliwa. Fungua sikukuu ya Georgi, baada ya ibada." Akaongeza, akitazama dirishani, kwamba angekuwepo mwenyewe ili kuhakikisha mambo yanakwenda kwa heshima, na kwamba angekuja na glasi yake.

Tarehe tatu ya Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Georgi, yule ambaye sisi kwa mapenzi tunamwita Mlevi, na ndiyo siku ya kufungua mapipa mapya. Habari ilizunguka kijiji kabla trekta halijafika nyumbani. Sisi tulifurahi, kama watu wanavyofurahia kheri ya jirani. Kilichotushangaza ni ndugu zake. Hakuna aliyefurahi.

Polixeni alisema divai ikikaa sana inageuka sumu, kuna mtu wa Arhanes alikunywa ya zamani akapofuka. Sifi alishuka ghalani na kipimo chake cha maji, akatoka amekunja uso: boriti imechoka, pipa likitikiswa nyumba itaanguka, yeye kama fundi hawezi kuruhusu. Na Haridimos, ambaye padri alikuwa hajamwona kwenye kitubio tangu wakati wa sarafu za zamani, alikuja na fimbo yake kuzungumza habari za roho.

"Kiapo ni kiapo, mwanangu. Ningekuwa wewe nisingeligusa."

"Lakini si ninyi mliokuwa mkinisukuma niolewe ili lifunguliwe, Nuno?" Nuno ni baba wa ubatizo, na ndivyo alivyomwita tangu utoto.

"Kijiji ndicho kilichokusukuma," alisema Haridimos. "Mimi nilikuwa nakusihi usiharakishe."

Aristea alimtazama kwa muda. Ilikuwa kweli. Alikuwa amesihiwa asiharakishe tangu alipokuwa na umri wa miaka ishirini na ushee.

Siku ya sikukuu, mitungi ya divai mpya ilipokwisha kubarikiwa kanisani, vijana wawili walimteremsha Manusos ghalani na kiti chake, amevaa koti la kanisani juu ya nguo za kulalia. Wakamweka mbele ya pipa. Ndugu walikuwa tayari ndani, wamesimama ukutani kama watu wanaosubiri kupigwa picha ambayo hawaitaki. Sisi wengine tulijaa ngazini na dirishani, na kila mmoja, kwa bahati, alikuwa amepita na glasi.

Aristea akapanda kigoda na nyundo na tindo.

Kwanza hakupiga. Alikaa akitazama. Pale ambapo baba yake aliacha bamba jembamba la lipu lenye msalaba, palikuwa na kichuguu kirefu kama mkate wa Pasaka.

"Kuna nini?" Manusos aliuliza kutoka chini.

"Lipu imeumuka, Baba."

"Ni baraka."

Akaanza kuchonga. Ganda la kwanza lilikuwa saruji, nzuri, ya kufanyia jengo la ghorofa. Chini yake nta ya njano ya mishumaa. Chini ya nta, unga uliokandwa ukakauka kama jiwe, na ufuta ndani yake. Halafu saruji tena. Nta tena. Unga tena, safari hii na alama ya kidole gumba. Kila aliyepita hapo alikuwa ametoboa katikati gizani, akapitisha bomba la mpira, akafanya alilofanya, akaziba upya. Aristea alitoa ganda moja baada ya jingine na kuyapanga kwenye ubao wa rafu bila kusema neno. Nyumba nzima ilikuwa na fundi mmoja wa ujenzi. Kijiji kizima kilikuwa na mtunza mishumaa mmoja wa kanisa, naye alikuwa Haridimos. Na unga wenye ufuta Aristea aliula kila siku ya maisha yake, katika mkate wa mama yake.

Alishuka, akawakaribia pale ukutani.

"Nuno, nta hii ni ya Pasaka?"

Haridimos alikohoa. "Inategemea. Pasaka ya mwaka gani?"

"Mama."

"Ya kupikia tu," Polixeni alinong'ona. "Ya sungura. Baba yako hapendi sungura wa divai mbichi. Na nilirudisha, mwanangu. Kila kilichobaki kwenye jagi baada ya chakula nilirudisha."

"Sifi?"

"Mimi nilijua ni mimi peke yangu," Sifi alisema, na uso wake ulikuwa na uchungu wa mtu aliyeibiwa. "Nilikuwa naweka Kotsifali ya ushirika, safi kabisa. Walikuwa wananilipa kwa divai. Mzee huyu kumbe alikuwa anaweka nini?"

"Mandilari, ya mteremko wangu," alisema Haridimos, kwa hasira kidogo. "Ningeweka nini? Sina nyingine. Nilikuwa nikionja, nasema, ajabu, mbona inapauka. Naongeza. Kumbe ni huyu na Kotsifali yake."

"Na mimi nilikuwa naona inazidi kuwa nyeusi," alisema Sifi.

"Mnanong'ona nini huko?" Manusos aliita. "Mimineni."

Ndivyo lilivyolindwa pipa la mtu mwaminifu. Mmoja aliiba na kurudisha iliyopauka, mwingine akaiba na kurudisha nyeusi, mama wa nyumba akaweka mabaki, kila mmoja akijiona mkosefu pekee katika familia takatifu, na kati yao walitunza kipimo cha babu, mistari minne na mmoja. Kama wangekuwa watu wema, siku ile tungefungua siki.

Aristea alipitisha mpira, akavuta, akajaza glasi moja. Ilikuwa nyekundu ya kiza, na ukingoni, ilipokutana na mwanga wa dirisha, ilikuwa na rangi ya tofali. Harufu yake ilifika mpaka ngazini. Akamwekea baba yake mikononi na kumfunikia vidole kwa vidole vyake.

Manusos alikunywa akiwa amefumba macho. Ilichukua muda. Machozi yalimtoka, yakapita kwenye masharubu, akayanywa pia.

"Ni ile ile," alisema. "Ile ile ya mwaka uliozaliwa. Naitambua." Akafumbua macho, akatafuta nyuso zetu moja moja. "Mmeona faida ya mtu kushika neno lake?"

Padri alitazama dari. Haridimos alitazama fimbo yake kama kitu alichookota njiani. Aristea alimfuta baba yake masharubu kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

"Tumeona, Baba," alisema.

Kisha akarudi ukutani. Sauti yake haikupanda.

"Na Iasonas?"

Polixeni alianza kukunja aproni.

"Harusi ilikuwa iwe kabla ya mavuno," alisema Haridimos hatimaye. "Nilikuwa nimemwoza binti yangu mwaka ule, nilichota sana. Mitungi. Divai ya kurudisha sikuwa nayo mpaka zabibu mpya zikanyagwe. Nilihitaji muda kidogo tu. Nikafikiri kijana atasubiri."

"Na babu yake?"

"Babu yake alikuwa mzima. Alikuwa akitengeneza saa."

"Mama, kuku?"

"Kuku niliota," alisema Polixeni. "Taji niliongeza."

Aristea akamgeukia kaka yake. Sifi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikuwa akikwangua saruji kwa ukucha kutoka kwenye kipande alichokiokota.

"Yule wa viatu vyekundu," alisema, "alikuwa dada yake. Alinisalimia hata."

Aristea akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya injini ikishamwambia inaumwa wapi. Nadhani angesema jambo. Lakini ngazini walianza kusukumana, mtu aliuliza kama ibada ya kunong'ona imekwisha, na glasi zikanyooshwa juu ya vichwa kama mikono ya watu wanaozama.

Akapanda tena kigoda. Akamimina. Alimmiminia padri, ambaye alithibitisha kwamba mambo yanakwenda kwa heshima. Alimmiminia mwenye mkahawa na mwenye mashine ya zeituni. Alimmiminia Thrasivulos, aliyekuja kutoka kijijini kwake na kreti mbili tupu ili asaidie. Polixeni alipitisha mkate mkavu wa shayiri, zeituni na konokono, bila kumtazama mtu. Haridimos alipewa, akanywa, akamwambia Sifi kwamba Mandilari ndiyo iliyoibeba. Sifi akasema bila Kotsifali asingeweza hata kuimeza. Wakaanza kugombana kama wakwe. Kufikia mchana hapakuwa na mtu Kalivopetra ambaye hakuwa na la kusema juu ya divai ile. Wengine waliiona ina cheri kavu, wengine ngozi ya viatu vya sikukuu. Tulimsifu Manusos kwa subira yake. Tulimsifu babu aliyepanda. Mpiga lira alifika, na ile beti ikaimbwa, kwa kuwa ilikuwa imezoeleka, na sote tukaitikia. Manusos alipewa glasi ya pili dhidi ya amri ya daktari, akasinzia kitini nayo, anatabasamu, mkono mmoja umelala juu ya ubao wa pipa.

Aristea aliendelea kujaza mpaka mikono ikamchoka. Nilikuwa karibu na dirisha nilipomwona akishuka. Alimpa Sifi ule mpira. Akatafuta glasi kwenye rafu, kati ya yale maganda ya saruji, nta na unga, akapata moja ndogo ya raki, akaifuta kwa kidole chake chenye harufu ya salfa. Kisha akakaa juu ya kigoda, katikati ya kelele zetu, akainyoosha kwa yeyote aliyekuwa karibu, na akasema kwa sauti ndogo sana:

"Nimiminieni na mimi."